Nyumba ya Mgonjwa si Mtaji Mfu

Kuna neno moja ambalo limekuwa likipita vinywani mwa wasomi wetu kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, na wachache mno wamelisimamisha njiani kuliuliza litokako na liendako. Neno hilo ni "mtaji mfu". Twaambiwa kwamba nyumba ya mtu wa kawaida, aliyoijenga kwa jasho lake na asiyodaiwa hata senti moja juu yake, ni mali iliyolala usingizi wa mauti, na kwamba njia ya kuifufua ni kuichukulia hati, kisha hati hiyo kuipeleka benki iwe rehani ya mkopo. Kwa mtu mwenye afya njema neno hili laweza kujadiliwa. Kwa mtu aishiye na maradhi ya kudumu halina hata nusu ya ukweli, na madhara yake ni makubwa. Haya ndiyo nitakayoyatetea hapa, na mfano wangu nautwaa Mjimwema, kata mojawapo ya manispaa ya Songea, kwa sababu huko nyumba na maradhi hukaa pamoja mbele ya macho ya kila mpita njia.

Neno lenyewe si letu. Alilitangaza ulimwenguni mchumi wa Peru, Hernando de Soto, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya siri ya mtaji. Mwaka 2004 serikali ya Tanzania ilianza, kwa kushirikiana na taasisi yake, mpango tunaouita MKURABITA, yaani Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Sina ugomvi na urasimishaji. Mtu kupewa karatasi inayosema kwamba ardhi hii ni yake ni jambo la haki, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kufungua mlango huo kabla ya bwana de Soto kusikiwa kwetu. Ugomvi wangu ni na sehemu ya pili ya mahubiri, ile isemayo kwamba karatasi hiyo ikikaa sandukuni haina kazi.

Tazama namna nyumba inavyopatikana Mjimwema. Mtu hununua kiwanja, akakaa nacho. Mwaka wa mavuno mema hufyatua matofali, akayapanga tanuri, akayachoma kwa kuni. Mwaka unaofuata huchimba msingi. Hupandisha boma, kisha boma likasimama bila paa misimu miwili au mitatu, mvua za Novemba hadi Aprili zikilipiga, majani yakiota ndani ya kile kitakachokuwa sebule. Mahindi yakipata bei, mbao hununuliwa na nyumba ikapauliwa. Bati huja kwa bando moja moja. Familia huhamia kabla ya sakafu, kabla ya dari, na mara nyingi kabla ya milango ya ndani, ambapo pazia la kitenge hufanya kazi ya mlango kwa miaka. Huchukua miaka mitano, kumi, au zaidi. Mgeni akipita huona ujenzi usiokwisha, naye husikitika. Asichokiona ni kwamba kila tofali lililomo ukutani limekwisha kulipwa. Hakuna mtu awaye yote, hata angekuwa na wakili wa namna gani, awezaye kuja asubuhi kulidai.

Sasa tuyatazame maradhi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 walikuwa na kisukari. Ongeza hapo waishio na virusi vya UKIMWI, ambao tangu mwaka 2004 dawa zao hutolewa bila malipo na kwa rehema hiyo huishi miaka mingi. Ongeza wenye pumu, kifafa, maradhi ya figo na ya moyo. Ongeza watoto wa selimundu, ambao hukadiriwa kuzaliwa wapatao 11,000 nchini mwetu kila mwaka, na ambao wakitunzwa hukua wakawa watu wazima wenye kutaka makao kama wengine. Hawa si watu wachache walio pembezoni mwa jamii. Ni sehemu kubwa ya jamii yenyewe, nao ndio ambao elimu ya mtaji mfu haikuwahesabu.

Maradhi ya kudumu yana tabia moja ambayo mchumi angepaswa kuwa wa kwanza kuiona: bei yake ni ya rejareja. Ajali ina bei ya jumla; mtu huvunjika mguu, hulipa, hupona au hulemaa, na hesabu ikafungwa. Kisukari hakifungi hesabu. Leo ni vidonge, wiki ijayo ni kipimo, mwezi ujao ni nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au hospitali ya Peramiho, na mwakani, Mungu apishe mbali, ni safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam pamoja na ndugu wa kumsindikiza na mahali pa kulala. Fedha hutoka kidogo kidogo, wala hakuna siku mgonjwa atakayosema, "Nimekwisha kulipa." Mwenye figo zilizoshindwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, wiki zote za maisha yake, ila akipandikizwa nyingine.

Na pato lake? Pato la mgonjwa hupanda na kushuka pamoja na mwili wake. Wiki ya nguvu hulima, huuza gengeni, hufundisha. Wiki ya udhaifu hulala. Basi mtu ambaye matumizi yake hayana mwisho na mapato yake hayana uhakika, huyo ndiye tunayemshauri achukue mzigo wa tatu, ambao hauchelewi hata siku moja na haujui homa ni nini.

Tufanye hesabu, maana mabishano yasiyo na hesabu huishia kwenye sauti kubwa. Kwa miaka ya karibuni riba ya mikopo ya nyumba katika mabenki yetu imekuwa aghalabu kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Tutwae asilimia 17. Mtu akikopa shilingi milioni 20 alipe kwa miaka 15, kila mwezi atatoa karibu shilingi 308,000, na hata amalize atakuwa ametoa zaidi ya milioni 55. Yaani amejenga nyumba yake moja, na thamani ya nyingine moja na nusu na zaidi amemjengea benki. Mtu mzima wa mwili aweza kusema kwamba anakubali, kwa kuwa asingependa kungoja. Hiyo ni hiari yake. Lakini miaka 15 mara 12 ni miezi 180, na hakuna hata mwezi mmoja miongoni mwake uliotengwa kwa ajili ya kuugua.

Akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi yataka apewe notisi, na baada ya siku 60 za notisi hiyo mkopeshaji aweza kuanza kutumia haki zake juu ya nyumba. Siku 60 ni muda wa kutosha kwa mfanyabiashara ambaye mzigo wake umechelewa bandarini. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Waliotunga kifungu hicho hawakuwa watu wabaya. Walimfikiria mdaiwa mwenye afya, kama ambavyo sheria nyingi humfikiria raia mwenye afya, mwenye miguu miwili na mwenye kusoma.

Wapo watakaonijibu kwamba mikopo hukatiwa bima. Ni kweli. Walakini bima ya kawaida ya mkopo humlipia mdaiwa deni akifa, au akipata ulemavu wa kudumu usiomwezesha kufanya kazi. Mgonjwa ninayemzungumza hajafa wala hajahesabiwa kuwa mlemavu. Yu hai, anakwenda kazini siku tatu katika tano, anameza vidonge vyake. Amekaa katikati ya uzima na kilema, mahali ambapo bima haina dirisha. Tena fomu yenyewe humuuliza kama ana ugonjwa wowote. Akisema kweli aweza kukataliwa au kutozwa zaidi. Akificha, siku ya madai uongo wake utakuwa sababu ya kunyimwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Siku hizi hufichuliwa na wakala wa bima.

Nimesema juu ya benki kwanza kwa heshima, maana watu wa Mjimwema wafikao benki kwa mkopo wa nyumba ni wachache sana. Mikopo yote ya rehani za nyumba nchini haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Walio wengi huangukia kwa wakopeshaji wa mtaani, ambao watu wenyewe wameita mikopo yao "kausha damu", jina ambalo mgonjwa hahitaji kufasiriwa. Benki Kuu iliweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Zidisha kwa 12 upate asilimia 42 kwa mwaka. Na hicho ndicho kikomo cha wanaotii. Asiyetii huchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri, au huandikiana naye mkataba wa mauzo ya nyumba uliovikwa kanzu ya mkopo. Hapo ndipo ile karatasi iliyotolewa kwa nia njema hugeuka mtego. Nyumba isiyo na hati ilikuwa vigumu kuiweka rehani. Yenye hati huwekwa asubuhi, na jioni mgonjwa huambiwa kwamba amefufua mtaji wake.

Kuna mshauri mwingine, naye hatoki benki wala chuo kikuu. Hutoka katika ukoo. Husema: "Uza nyumba ukatibiwe, uzima ni bora kuliko ukuta." Maneno haya yana sauti ya huruma, na kwa maradhi yenye mwisho yaweza kuwa ya hekima: ikiwa upasuaji mmoja utamponya mtu kabisa, na auze, akipona atajenga tena. Lakini maradhi ya kudumu hayanunuliwi yakaondoka. Nyumba huuzwa mara moja, kwa jumla, na kwa kawaida kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi amekwisha kusikia kwamba muuzaji ana haraka. Dawa hununuliwa kwa rejareja mpaka siku ya kufa. Fedha ya nyumba ikikaa mkononi huliwa na mambo mia yasiyo dawa, na mwaka wa pili mgonjwa hujikuta na ugonjwa uleule katika chumba cha kupanga, ambacho mwenye nacho hudai kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hivyo yule ambaye maisha yake yote ni ya rejareja ameingizwa katika soko la jumla kwa mlango wa mbele na wa nyuma.

Sasa niseme nyumba isiyodaiwa hufanya kazi gani, kwa kuwa tumeambiwa haifanyi kazi. Chumba kimoja cha uani kikipangishwa, kila mwezi huleta kiasi cha kununulia dawa za mwezi. Pato hili haliulizi kama mwenye nyumba ameamka na nguvu. Gunia la mahindi lililovunwa Juni laweza kukaa chumbani hadi Januari, wakati bei imepanda, kwa sababu hakuna marejesho ya Juni yanayolilazimisha kutoka. Na Songea, ambayo mahindi ndiyo uhai wake, tofauti ya bei kati ya msimu wa mavuno na msimu wa njaa ndiyo tofauti kati ya kumeza dawa na kuiruka. Insulini haitaki joto. Mwenye kwake huiweka katika jokofu akiwa nalo, asiponalo hutafuta kona ya baridi na chungu cha maji, wala hakuna wa kumwondolea chungu chake. Mwenye dawa za kila siku humezea ndani mwake bila ya kupepesa macho kumtazama mpangaji mwenzake. Haya yote ni kazi. Hayaonekani katika vitabu vya benki kwa kuwa hayalipi riba kwa mtu.

Tena huko Peru kwenyewe kuna jambo la kuwafaa wanafunzi wa uchumi. Wachunguzi Erica Field na Maximo Torero walipotazama kaya za mijini zilizopewa hati, hawakuona kwamba mabenki binafsi yaliongeza kukubali maombi yao ya mikopo kwa sababu ya hati hizo. Field katika uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2007, aliona jambo ambalo bibi yeyote wa Mjimwema angemweleza bure: watu waliopata hati walitoka zaidi kwenda kufanya kazi, kwa kuwa hawakulazimika tena kukaa nyumbani kulinda. Faida ya hati ilikuwa ni ulinzi. Ukiyahamishia hayo kwa mgonjwa, maana yake ni kwamba aweza kulazwa mwezi mzima mbali na kwake na kurudi akaukuta mlango wake ukifunguka kwa ufunguo uleule.

Naijua hoja ya upande wa pili, nami sitaipita kwa kuruka. Husemwa kwamba kujenga kidogo kidogo ni hasara: boma hunyeshewa, saruji hupanda bei, mtu hulipa kodi ya chumba kwa miaka kumi huku akijenga, na wengine hufa kabla ya kupaua. Kweli tupu. Tena kijana aliyezaliwa na selimundu hana miaka kumi ya nguvu ya kufyatua matofali. Kwake mahubiri ya "jenga polepole" ni kama kumwambia kiwete akimbie taratibu. Lakini dawa ya tatizo hili haitoki katika kumtia rehani. Iko katika vyama vya akiba na mikopo vinavyodhaminiwa na wanachama kwa akiba zao pasipo kugusa paa la mtu. Iko katika viwanja vilivyopimwa kwa bei ambayo mkulima aweza kuilipa kwa mafungu. Iko katika ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo hugawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Mwanamume wa miaka hamsini mwenye figo mbovu hayumo katika mafungu hayo matatu, na sijamsikia mtu akiuliza kwa nini.

Nimekwisha kuwajibu wakopeshaji. Lakini nyumba ya mgonjwa ina adui wa pili, naye ni wa hatari zaidi kwa kuwa huja na kalamu ya ustawi. Tangu mwaka 1993, ilipoanzishwa kanuni ya kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali, asiyejiweza ameahidiwa msamaha. Ili aupate huhojiwa hali yake, na aghalabu hutakiwa barua ya serikali ya mtaa. Vivyo hivyo kaya maskini zinapotafutwa kwa ajili ya ruzuku, hali ya nyumba ni mojawapo ya mambo yanayotazamwa: ukuta wa nini, paa la nini. Na hapo yule aliyejinyima miaka kumi ili alale chini ya bati lisilodaiwa huambiwa kwamba anajiweza, kwa ushahidi wa bati lake. Mwenzake aliyezitumia fedha zilezile kwa namna nyingine akabaki na nyasi huandikwa. Sisemi huyu wa pili asiandikwe. Nasema kwamba ofisi moja inamwambia mgonjwa kuwa nyumba yake ni maiti, na ofisi ya pili inamwambia ni utajiri, na majibu yote mawili humfikisha mahali pamoja: aile nyumba yake.

Hata kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU, ikaanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023, imewasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi na watu wenye ulemavu kwa nyumba wanamoishi. Fedha ni kidogo na sitaifanyia matanga. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba sheria yetu inaijua kanuni ninayoidai: kwamba kuna watu ambao makao yao hayapaswi kuhesabiwa kama mali ya kuchumia. Kanuni hiyo imefika kwa mzee, imefika kwa mlemavu, ikasimama mlangoni kwa mgonjwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, imeahidi kwamba wasio na uwezo watalipiwa. Basi vita vyote sasa viko katika maana ya maneno hayo, "wasio na uwezo", na vitapiganwa ndani ya fomu na dodoso kabla ya kufika mahakamani. Wanafunzi wanaosoma hapa ndio watakaoziandika fomu hizo baada ya miaka michache, katika wizara na halmashauri. Nawaomba jambo moja dogo. Mtakapofika kwenye swali la nyumba ya mgonjwa wa kudumu, msiulize paa lake ni la nini. Ulizeni kama ana nyumba nyingine zaidi ya ile anayolala, na kama ile anayolala inadaiwa. Kisha ile moja isiyodaiwa muiache nje ya hesabu, pamoja na chungu cha maji kilichomo ndani yake.